Drilingi ya mtumba: miaka minne na bunduki mseto ya mitutu mitatu

Mjomba wangu wa Sikonge nilipomtumia picha ya hii bunduki alinijibu kwa voisi, "Mjomba, mitutu mitatu ya nini sasa, umeandikishwa jeshi?" Nilicheka ila swali lake ni la maana kabisa, na wadau wengine wameniuliza hilohilo kwa maneno tofauti, kwa hiyo leo naandika yote nnayoyajua baada ya misimu minne msituni na hii kitu. Naandika kama mtumiaji, mimi sio fundi wala sina duka.

Kwanza tuelewane. Bunduki mseto ni ile inayobeba mtutu wa raifo na mtutu wa shotgani kwenye mwili mmoja. Ziko za mitutu miwili, mmoja juu mwingine chini, au ubavu kwa ubavu. Ziko za mitatu ambazo Wajerumani wanaziita drilingi, manake kwao ni kama kusema mapacha watatu. Na zipo mpaka za mitutu minne, hizo mi naona ni za kuonyeshana tu. Yangu ina mitutu miwili laini ya shotgani, 16 geji (geji ni kipimo cha upana wa mtutu wa shotgani), imelala pamoja kwa juu, alafu chini yake katikati kuna mtutu wa raifo, 7x65R, yaani risasi ya milimita 7 na ganda la urefu wa milimita 65. Ya miaka ya sabini, mtumba, nimeinunua euro 950 ikiwa na darubini yake.

Mi naishi Ujerumani, jimbo la Hessen, kaskazini, upande wa Kassel, na leseni ya uwindaji nimeisotea haswa, mtihani wake Wajerumani wenyewe wanautania abitur ya kijani (abitur ni mtihani wao wa kumaliza sekondari) kwa jinsi unavyotoa jasho. Nataja hili kwa sababu bila kujua sheria za huku huwezi kuelewa kwa nini mtu abebe mitutu mitatu. Mnyama wa kwato huku huruhusiwi kumpiga na marisau, vile vipunje vya shotgani, ni risasi tu, tena sio risasi yoyote. Yule paa mdogo wao lazima risasi iwe bado na nguvu ya joule 1000 ikifika mita 100, na wakubwa kama nguruwe pori na kulungu wao mwekundu inatakiwa kaliba, yaani unene wa risasi, kuanzia 6.5 mm na joule 2000 hapohapo kwenye mita 100. Upande wa pili sungura anayekimbia au ndege anayeruka hapigwi na raifo, ukijaribu hiyo risasi inaenda kutua kijiji cha pili. Sasa we umekaa juu ya dungu (ni kama lile la kulindia ndege shambani, ila la huku lina paa na wengine wanatandika mpaka zulia) na hujui nani atatoka kwenye majani. Anaweza kutoka paa mita 80. Anaweza kutoka mbweha mita 20. Kazi ya drilingi ni hiyo, kumtumikia mtu asiyejua nani anakuja, na kama we ukiingia msituni unajua kabisa leo ni nguruwe tu basi okoa hela yako nunua raifo ya kawaida, utapiga vizuri zaidi na bega litakushukuru.

Haya, kununua. Hapa ndo nilikaribia kuliwa.

Duka la kwanza nililoingia, silitaji, jamaa akanitolea drilingi ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, imetengenezwa Suhl kule Thuringia, mji ambao kwa bunduki ni kama Ujiji kwa mawese. Nzuri hiyo usipime, imechorwa kulungu ubavuni, kitako cha mbao ya jozi inameremeta, bei euro 600. Pale ubavuni imeandikwa 16 na 8x57 IR. Nikamuuliza risasi zake zinapatikana, akajibu bila hata kunyanyua kichwa, "8x57 ni 8x57, na 16 ni 16, zipo rafu ile pale." Bahati nzuri nilikuwa na mzee wangu wa msituni, yule aliyenifundisha kuwinda, ana miaka sabini na kitu, hasemi sana. Akachukua mitutu akaipeleka dirishani, akasoma alama za chini kabisa ambazo huzioni mpaka uvunje bunduki vipande, akairudisha mezani taratibu. Tulipotoka nje ndo akanieleza.

La kwanza, 8x57 ziko za namna mbili. Ile ya zamani isiyo na S, risasi yake ina unene wa 8.07 mm. Iliyokuja baadaye yenye S ni 8.20 mm na pointi kidogo. Kwa macho huoni tofauti yoyote ila ukiilazimisha ile nene ipite kwenye mtutu mwembamba presha inapanda mpaka sehemu ambayo bunduki ya miaka tisini haikuahidi kufika. Hiyo S moja tu kwenye boksi la risasi ndo ya kuangalia.

La pili ni hizo 16. Shotgani za zamani za huku chemba yake, pale risasi inapokaa, ni 65 mm, za sasa ni 70. Sasa mtego uko hapa, risasi ya 70 inaingia kwenye chemba ya 65 vizuri tu, wala haigomi, kwa sababu urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda likishafunguka. Ukiingiza mdomo wake umekunjwa kwa hiyo ni fupi. Ukifyatua mdomo unafunguka, unakosa nafasi, marisau yanajipenyeza kwenye shingo nyembamba, na presha inapanda tena. Yaani bunduki inakubali kitu ambacho haitakiwi kula, kama mtoto na sarafu. Na muuzaji anasema 16 ni 16!

La tatu hakunieleza siku ile, nimelijua baadaye kwa fundi. Tangu Februari 2023 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku marisau ya risasi, hiyo metali nyeusi, ukiwa kwenye maeneo ya majimaji na mita 100 kuyazunguka. Watu wengi wamehamia marisau ya chuma. Drilingi za zamani mitutu yake ni myembamba na mdomoni imebanwa sana, kwa kizungu cha mafundi ina choki kali, na chuma hakibonyei kama risasi, kwa hiyo kinakwangua na kinaweza kutunisha mdomo wa mtutu. Kama bunduki haina alama ya kupimwa kwa chuma usiiwekee, nunua marisau ya bismuthi, metali laini kuliko chuma, na bismuthi ya 16 geji bei yake nikikutajia utadhani nauza madini. Hii ndo gharama ambayo hakuna anayekutajia pale unapofurahia kwamba drilingi siku hizi zimeshuka bei. Zimeshuka kwa sababu wazee wanafariki na watoto wao hawazitaki, na hawazitaki kwa sababu kama hizi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kununua mtumba. Vua lile kava la mbao la mbele, ushike bunduki itikise, usisikie hata mlio wa funguo. Funga, iinue kwenye mwanga, kati ya mitutu na mwili usione mwanga unapita. Alafu ning'iniza mitutu peke yake kwenye kidole, igonge na kifundo cha mkono. Ikilia ting! ikaendelea kulia kama ile rimu ya gari tuliyokuwa tunagonga shuleni, gundi ya bati iliyoshika mitutu ni nzima. Ikilia bwa, kama debe lenye maharage, mahali fulani imeachia, rudisha mezani aga uondoke. Na cheki darubini imefungwaje, manake drilingi nyingi zina zile vishikio vya makucha vya kienyeji vya Suhl, ni kazi ya mkono, darubini inatoka na kurudi bila kupoteza shabaha, raha sana. Ila ukitaka kuhamisha darubini nyingine fundi atakata na kuchomelea upya, na hapo ndo utajua bei ya fundi wa Kijerumani kwa saa.

Yangu niliipata kwa mjane mmoja, marehemu mumewe alikuwa mwindaji, 16/70 imeandikwa wazi, 7x65R. Hiyo R ina maana ganda lina ukingo kwa nyuma, unaosaidia kulitoa bunduki ikivunjwa, yaani ikikunjwa wazi pale katikati. Raha ya 7x65R ni kwamba bado inatengenezwa na ina nguvu za kutosha kwa mnyama yeyote wa huku. Aliibuni Wilhelm Brenneke mwaka 1917, huyohuyo ambaye 1898 alikuwa ameshabuni ile risasi moja nene ya kupigia kwenye shotgani ambayo mpaka leo ina jina lake. Kwa hiyo kwenye msako wa nguruwe mimi naweka raifo chini na hizo Brenneke mbili juu, na nina mipigo mitatu ya kweli kwa nguruwe. Ila hizo mbili za juu ni za karibu, mita 30 au 35, zaidi ya hapo unabahatisha, na kubahatisha kwa nguruwe ni kumtesa bure.

Matumizi sasa. Ina triga mbili. Ya nyuma inapiga mtutu wa kushoto, siku zote, haina mjadala. Ya mbele inapiga wa kulia, LAKINI ukisukuma kile kitelezi kilichopo juu ya shingo ya kitako, hiyo triga ya mbele inahamia kwenye raifo, na shabaha ya nyuma inasimama yenyewe juu ya mitutu kukukumbusha. Ukirudisha kitelezi, shabaha inalala, triga imerudi kwa marisau. Mtu aliyebuni hiki kitu alikuwa na akili ya saa. Ukiwa na darubini lakini hiyo shabaha huiangalii, na hapo ndo yalinikuta yangu.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, jioni, baridi ya kukata masikio. Nimesubiri paa saa mbili nzima, kitelezi kipo mbele, raifo tayari. Akaja mbweha, mita kama 20, anatembea kama mwenye nyumba. Nikasema huyu ni wa marisau. Nikainua, nikavuta triga ya mbele. Ikatoka 7x65R. Mlio ule kwa mtu aliyetegemea marisau ni kama kukanyaga ngazi ambayo haipo. Risasi ikachimba udongo nyuma yake, mbweha akaruka mara moja akapotea, na masikio yangu yakapiga mluzi mpaka nalala. Nashukuru nyuma yake kulikuwa na mlima. Mzee nilipomsimulia hakucheka, alisema tu, "Kidole cha mbele kina kazi mbili, cha nyuma kina moja. Ukiwa na haraka tumia cha nyuma." Tangu siku hiyo marisau yangu yote ya haraka ni triga ya nyuma, na nikimaliza kumngojea paa kitelezi kinarudi nyuma kwanza ndo nikohoe.

Jambo jingine la kuogopa ni ile triga ya mbele inayosukumwa mbele kidogo mpaka ilie tik, ikishalia basi ukiigusa tu imeondoka. Kwa paa aliyetulia mita 100 ni tamu sana. Ila ukiitega alafu paa akaondoka, usikae nayo hivyo ukiwa unateremka ngazi! Funga sefti, vunja bunduki, toa risasi, ndo uiachie. Nimeona mtu mzima wa miaka thelathini ya kuwinda akisahau.

Shabaha je? Mtutu ukiwa wa baridi, hii drilingi ya 950 inapiga sawa na raifo ya jirani yangu ya elfu tatu. Mpigo wa kwanza. Wa pili tuvumiliane. Mitutu mitatu imeunganishwa kwa bati, ule wa raifo ukipata moto unataka kurefuka, wenzake wa juu bado wa baridi wanaukatalia, basi wote wanapinda kidogo na risasi inahama. Yangu mpigo wa tatu wa harakaharaka umeshahama kama upana wa kiganja. Kwa hiyo siku ya kuirekebisha darubini nabeba chai kwenye chupa na gazeti, piga moja, ngoja robo saa, piga nyingine. Risasi tano zinakula asubuhi nzima na yule msimamizi wa uwanja keshanizoea. Bunduki mseto mpya za juu na chini, kuna ambazo mtutu wa raifo umeachwa huru mbele, haukugandishwa na mwenzake, hizo ugonjwa huu zimeupunguza sana, ila bei zake ni za kununulia IST na chenji inabaki.

Kitu kilichonifanya niipende zaidi ni cha euro mia na ushee, kimtutu kidogo cha ndani. Ni bomba lenye mtutu wa .22 Hornet, risasi ndogo ya raifo, ambalo unalichomeka ndani ya mtutu wa kulia wa shotgani, kwa hiyo sasa nina raifo kubwa, raifo ndogo, na marisau. Kwa mbweha wa mita 70 ambaye 7x65R ingemchana vipande, hiyo ndogo inatosha na ngozi inabaki. Kukirekebisha kipige panapotakiwa ni kazi ya kumkasirisha padri, kina skrubu ndogondogo mdomoni, nilitumia siku mbili, ila kikikaa kimekaa.

Uzito ni kilo tatu na nusu na darubini yake. Sio nyepesi, ila kumbuka umebeba bunduki mbili. Ndani ya sefu inakaa nafasi moja (tangu 2017 sefu mpya ya silaha huku lazima iwe daraja la usalama 0 kwenda juu, nayo haikupandi ngazi bila wanaume wanne). Na kitu kimoja nakipenda sana kwenye misako ya watu wengi, nikishuka dungu naivunja naiweka begani ikiwa wazi, kila mtu anaona kwa mbali kwamba haina kitu, hakuna haja ya kuulizana.

Binamu yangu yuko Minnesota, yeye ana bunduki mseto ya Savage 42, raifo ndogo ya .22 juu na shotgani ndogo ya .410 chini, plastiki nyeusi, nyundo moja, na kitufe cha kuchagulia mtutu kipo palepale kwenye nyundo. Anapigia kindi na ndege wa msituni. Nimeishika, ni jepesi, halina urembo hata kidogo, na kwa kazi yake sioni kosa. Mmarekani kaichukua hii kama bunduki ya mtoto wa shamba na ya kubebea kwenye mtumbwi, Mjerumani kaichukua kama saa ya babu. Mimi nimezikubali zote mbili ila ukiniambia nipige paa na Savage ya .22 nakwambia hapana, hiyo haifiki hata karibu na joule 1000. Ziko pia za Baikal za Urusi, IZH-94, 12 geji juu na raifo chini, nzito, ngumu, zina sehemu ya kurekebisha mitutu ilingane mwenyewe nyumbani. Kwa mwenye bajeti ndogo ilikuwa ndo jibu.

Na kwa wanaosema hizi ni mapambo ya wazee, wakati wa vita hiyo rubani wa Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani, kule Afrika Kaskazini alipewa drilingi ya Sauer M30, 12 geji na 9.3x74R, kwa ajili ya kujiokoa akianguka jangwani. Warusi nao, baada ya wanaanga wao Leonov na Belyayev kutua nje ya ramani mwaka 1965 kwenye misitu ya Urali penye mbwa mwitu na dubu, baadaye wakawatengenezea wanaanga wao bastola ya mitutu mitatu, TP-82, ikaanza kwenda angani 1986. Asiyejua nani atatoka kwenye majani, nimeshasema.

Kama uko Ulaya na unawinda kwa kukaa dunguni eneo lenye wanyama mchanganyiko, itafute, ya mtumba, chemba 70, kaliba ambayo risasi zake bado zipo madukani, na nenda na mzee. Kama kazi yako ni misako ya kukimbizana au unapenda kupiga uwanjani kila wikendi, itakuudhi ndani ya mwezi. Mi naipa nane kwa kumi, moja nimeikata kwa joto, moja kwa bei ya bismuthi.

Mjomba juzi kanipigia tena. Nikampa shikamoo, hata marahaba hajamaliza, "Sasa hiyo ukija nayo si tutapiga kanga huku?" Nikamweleza habari za vibali, alafu nikamwambia mjomba, hata vibali vikikubali, hiyo ni 16 geji, we umeshawahi kuiona Tabora nzima? Mimi sijawahi, nazijua 12 tu. Akanyamaza kidogo, nikasikia anaguna. "Basi mjomba, niletee hiyo darubini tu."